Maji ya Mtungi na Filamu ya Kopo la Bati

Funguo za studio nilimkabidhi Zuhura siku ya Ijumaa, na Jumamosi asubuhi nikajikuta nimevaa viatu vya kazi, nimekaa ukingoni mwa kitanda, sina pa kwenda. Nikavivua viatu, nikatafuta kalamu. Zuhura nimemfundisha mwenyewe tangu alipokuwa hajui upande upi wa kamera unaangalia watu, kwa hivyo sina wasiwasi na studio. Wasiwasi wangu ni nyinyi wengine, vijana mnaopiga picha za harusi na hoteli kuanzia Diani hadi Msambweni, ambao kila mkinikuta mnaniuliza swali lile lile: ile filamu ya rangi ya zamani, iliyokwisha kuachwa kutengenezwa, ilikuwa na nini hata watu wazima na akili zao wanaitafuta mpaka leo?

Mnanionyesha kwenye simu picha mlizozibonyeza zikageuka “za kale”. Sina ugomvi na simu. Lakini rangi mnayoiita ya kale ni rangi ya chai iliyomwagika, na sisi hatukuwa tukipiga picha za chai. Nitawaeleza filamu ile ilikuwa na nini. Ila siwezi kuieleza bila kumtaja mavyaa wangu, Bi Mwanakombo, na mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Niliingia kazini miaka michache baada ya uhuru, na sikuingia kwa sababu ya kamera. Nilikuwa mpaka hina, mchoraji wa mikono ya mabibi harusi. Siku moja Bwana Caetano, Mgoa aliyekuwa na studio pale Ukunda, alimpiga picha mwanamke mmoja aliyetoka kuolewa, akaona mikono yake, akamwuliza nani aliyeichora. Wiki ile ile alikuja Gazi, nyumbani kwetu, akasimama nje ya ua akapiga hodi na kungoja, akasema anatafuta mkono usiotetemeka. Zama zile picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mteja aliyetaka rangi alipakiwa kwa brashi juu ya karatasi. Mume wangu Salim alikuwa dresa, mfunga vidonda, hospitalini Msambweni. Akasema hana pingamizi, kwa sharti kwamba nikitoka kazini nisianze kumpaka rangi na yeye. Tukaishi hivyo, nyumba Gazi katikati, asubuhi yeye anakwenda kusini na mimi kaskazini.

Siku yangu ya kwanza nilipewa picha ya karani mmoja, nimpake tai. Nikampaka tai nyekundu, nyekundu ya kupendeza, nikaionea fahari. Mwenyewe alipokuja aliitazama sana, kisha akasema tai yake ilikuwa ya kijani na alipewa na marehemu baba yake. Bwana Caetano akamwomba radhi, akaniita nyuma.

“Bi Saumu, tai uliyopaka ni nzuri kuliko ya kwake,” akaniambia. “Lakini hayo ni maoni yako. Mteja hakuja kununua maoni.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niitamani filamu ya rangi kabla sijaishika. Kitu kinachoiona tai mwenyewe, bila kuniuliza mimi! Wageni wa hoteli za Diani walikuwa wakija nazo, na Bwana Caetano akiwapelekea Mombasa zikaoshwe. Zilikuja ndani ya kopo dogo la bati lenye kifuniko cha kuzungusha, nasi tukaiita hivyo hivyo, ya kopo la bati. Makopo matupu yalikuwa na wenyewe. Wanawake walitilia wanja, wazee walitilia ugoro, na mama mmoja wa Msambweni alikuwa na lake la sindano ambalo mpaka leo najua liko wapi.

Sasa nyinyi mnajua kuwa harusi zetu zina pande mbili. Upande wa wanaume Bwana Caetano alikuwa akiingia na kamera yake, anapiga maulidi, anapiga nikahi, anakula biriani, anaondoka. Upande wa ndani, ambako bibi harusi anapambwa na wanawake wamevua mabuibui wanacheza, hapakuwa na picha hata moja. Picha zote za harusi za wakati ule zilikuwa za wanaume waliokaa kwenye mikeka wakitazama mbele kama waliokamatwa. Bwana Caetano akanipa kamera, akanifundisha, akaniambia niingie.

Ndipo nilipokutana na mavyaa wangu kwa sura yake nyingine. Nyumbani Bi Mwanakombo alikuwa mama wa mume wangu, mtu wa maneno machache na mapishi mengi. Harusini alikuwa kungwi, ndiye aliyewafunda mabibi harusi, na kuanzia Gazi mpaka Funzi hakuna mlango wa ndani uliofunguka bila ruhusa yake. Alinikuta nimeishika kamera kifuani, akanitazama kama hatujawahi kula sinia moja.

“Hiyo filamu ikitoka humu ndani inakwenda wapi?”

“Mombasa, mama.”

“Kwa nani?”

“Kwa mafundi wanaoiosha.”

“Wanawake hao?”

Nikaishusha kamera.

“Basi piga mikeka na masinia,” akasema. “Watoto wa watu hawatakwenda Mombasa bila nguo za kutokea wakatazamwe na wanaume nisiowajua. Nawe ujue, Saumu, picha moja ya humu ndani ikipita mkononi mwa mwanamume, hata awe nani, hutaingia tena mlango wowote nilioshika mimi. Usije ukasema mavyaa alikuonea.”

Nilipiga mikeka na masinia. Mikeka ile ilitoka vizuri sana.

Bwana Caetano aliposikia hakukasirika hata kidogo. Alisema yule mama ana haki, na kwamba yeye mwenyewe ni mwanamume kwa bahati mbaya, kwa hivyo itabidi niioshe mimi. Hapo mnisikilize vizuri, maana mnapenda kuzungumzia filamu kama kwamba iliwahi kuwa kitu cha ajabu. Filamu ni kazi ya maji. Unaitoa kwenye kamera gizani, giza la kweli, unaizungusha kwenye gurudumu lake, unaitia ndani ya tangi lenye kifuniko. Baada ya hapo unaweza kuwasha taa ukavaa hata miwani. Unamimina dawa ya kwanza, unaimwaga, ya pili, unaimwaga, unasuuza, unaendelea. Bwana Caetano alinifundisha akiwa nje ya mlango, ameshika kitabu cha maelezo, akipaza sauti.

“Bi Saumu, umeshaifungua?”

“Nimeifungua!”

“Imeingia kwenye gurudumu?”

“Inaingia, halafu inatoka!”

“Hata yangu hutoka. Isemeshe taratibu.”

Watu waliokuwa wakipita barabarani Ukunda walisimama kusikiliza. Walidhani kuna mtu anazaa.

Tatizo letu halikuwa giza, lilikuwa joto. Dawa za filamu ile zilitaka nyuzi ishirini na nne, zisipande wala zisishuke. Waliozitengeneza waliishi kwenye nchi za baridi, kwao hiyo ni kazi ya kupasha maji moto kidogo. Kwetu maji yanatoka kwenye tangi la bati juani, unaweza kutia majani ukanywa. Tulijaribu barafu kutoka hotelini. Barafu inashusha joto kwa pupa, halafu inayeyuka, joto linapanda tena, na filamu inatoka kichwani bluu na miguuni manjano. Salim akataka kusaidia, akaninunulia kipimajoto cha homa, kile cha kuweka kwapani. Nikakitia kwenye dawa, kikakaa kimya. Vipimajoto hivyo huanza kusoma kwenye joto la mwili wa mtu. Salim alikiangalia akasema, “Filamu yako haina homa, mke wangu. Mruhusu aende nyumbani.” Nikakitupia kwenye mtoto wa meza. Bwana Caetano akanipa chake cha kioo kirefu, cha kazi ile.

Aliyetatua jambo ni mavyaa, na hakukusudia. Alinikuta alfajiri moja uani nimekaa na beseni, kipimajoto mkononi, nalia. Nilikuwa nalia kweli, siwafichi. Akaniletea maji ya kunywa kwa kata, kutoka kwenye mtungi wake uliokaa pembeni mwa baraza, mahali pa kivuli panapopita upepo. Nikayanywa nusu. Nusu ya pili nikatumbukiza kipimajoto. Kilishuka, kikasimama pale pale palipotakiwa, kikatulia. Nilipiga ukelele Salim akatoka akiwa amefunga shuka vibaya.

Basi kuanzia siku hiyo filamu za harusi zote za ndani, kutoka Ukunda mpaka Msambweni, niliziosha uani Gazi, alfajiri, kwa maji ya mtungi. Tangi la filamu linakaa ndani ya beseni la maji hayo, chupa za dawa zinakaa pembeni yake. Miezi ya jua kali nililoweka gunia nikauvika mtungi. Stoo tuliziba mianya yote kwa leso kuukuu ikawa chumba cha giza, na negativu zilipokuwa zikikauka kwenye kamba humo ndani, Salim hakupita hata karibu. Akitaka jembe alikohoa, nikamtolea. Karatasi nilizichapisha Ukunda, ambako kulikuwa na umeme, nikiwa nimejifungia kwa komeo na Bwana Caetano amekaa nje kwenye kiti akiwafukuza wateja. Mavyaa alikagua utaratibu wote huo hatua kwa hatua, akauliza maswali kuliko polisi, mwishowe akasema, “Haya. Ingia.”

Niwape na kisa kimoja cha aibu, ingawa aibu haikuwa ya mtu. Siku ya kuosha filamu za harusi ya watu wakubwa wa Msambweni, mavyaa aliamka mapema kuliko mimi. Alikuwa ameanza kuipenda kazi ile na hakujua namna ya kuisema. Kwa hivyo akaufukiza mtungi kwa ubani na mastiki, kama afanyavyo kwa wageni wa heshima, ili maji ya kuoshea watoto wa watu yanukie. Mimi nikachota, nikamimina, nikashangaa tu leo mbona dawa inanukia Idi. Filamu ilikauka ikiwa na chembe ndogo ndogo zilizogandia, na kwenye karatasi kila chembe ikawa doa jeupe. Bibi harusi alikuwa kama aliyepita chini ya mtu anayepepeta unga.

Nilikaa na brashi yangu ya zamani nikayafunika madoa moja moja, usoni na mikononi. Nilipomweleza mavyaa kwamba ni ubani, alichukua picha moja akaitazama.

“Lakini zinanukia?” akauliza.

Nikanusa. Zilikuwa zinanukia kidogo. Mama wa bibi harusi alizipenda, na madoa niliyoyasahau akasema ni baraka. Mtungi wa kazi tukautenga na mtungi wa wageni.

Sasa nije kwenye swali lenu. Filamu ile ilikuwa na nini? Ilikuwa na subira na rangi zetu. Mnaijua leso ya kishutu anayovishwa bibi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Wekundu wa kishutu ni mzito, una weusi ndani yake. Filamu ya kopo la bati iliuona vile vile, haikuupigia kelele. Hina ilionekana hina, na piko, ile nyeusi ya kuchorea maua, ilionekana piko, hata juu ya mkono wa mtu mweusi tititi kama mimi, na kati ya ngozi na hina kulikuwa na nafasi ya jicho kupumzika. Kwenye kivuli cha chumba chenye dirisha moja, nyuso hazikuzama. Kosa lake lilikuwa moja, nyeupe ilikuwa ikielekea kwenye maziwa kidogo, na wageni wa hotelini waliotoka pwani walitoka wekundu. Lakini walikuwa wekundu kweli.

Ilikuwa pia filamu ya polepole. Ilitaka mwanga mwingi na mtu atulie. Ukimwambia mtu atulie anaanza kujionyesha, halafu anachoka kujionyesha, na hapo ndipo unabonyeza. Hilo halikuwa kwenye dawa wala kwenye kopo, lakini nadhani mnalolitafuta nyinyi ni hilo.

Siku Bwana Caetano aliponiambia haitatengenezwa tena, alinikuta nakata pembe za picha. Alikuwa ametoka Mombasa. Alisema kuna mpya, ina kasi zaidi, inaoshwa kwa dakika chache, na wenye maduka wote wanaishangilia. Nikamwuliza kwani hii ya sasa imekosa nini. “Haijakosa kitu,” akasema. “Imepatiwa mdogo wake, basi.” Kisha akaongeza lililoniuma: filamu mpya ilikuwa na dawa zake mpya, na dawa hizo zilitaka nyuzi thelathini na nane.

Nadhani mnaona nilivyobanwa. Mtungi unapoza, haupashi. Joto lile lilitaka mashine, na mashine zilikuwa Mombasa, na waliozisimamia walikuwa wanaume. Filamu ya kopo la bati ikiisha, ama nirudie picha nyeusi na nyeupe, ama nivunje sharti la mavyaa na nifungiwe milango yote. Kwa mwaka mzima nilinunua makopo yaliyobaki kwenye maduka, nikayaweka kwenye kapu chini ya kitanda. Salim alisema analala juu ya hazina. Bwana Caetano naye alikuwa akijitayarisha kuhamia kwa binti zake ng’ambo. Aliniachia studio, akaniachia pia kasha la dawa mpya. “La siku utakayolihitaji,” akasema. Nikalitia stoo bila kulifungua, kwa kisirani tu. Siku alipoondoka tulilia sote wawili, na mavyaa akampa mkungu wa ndizi wa kupanda nao ndege.

Kapu lilipungua, likabaki kopo moja. Hilo nililiwekea harusi ya Riziki, mjukuu wa mavyaa, binti wa dada yake Salim, aliyelelewa mapajani mwake. Mavyaa alijua ni la mwisho. Nilimwambia wazi kwamba likiisha sina njia nyingine. Kwenye mkoba nilikuwa na filamu mpya pia, ya kupigia mikeka.

Ilikuwa harusi nzuri. Nilipiga kidogo kidogo, kama mtu anayekunywa maji safarini. Nikampiga Riziki akipakwa hina, akivishwa kishutu, akicheka na somo zake. Picha ya mwisho nikambonyeza akimbusu bibi yake mkono. Nikasikia filamu imefika mwisho, nikaizungusha, nikaitoa, nikaifungia kwenye kopo. Nilikuwa nimeridhika kabisa.

Ngoma ikaanza. Wanawake wa Gazi waliingia uwanjani, wakafuata wa Msambweni, na mara Riziki akamshika bibi yake mkono akamvuta katikati. Niwaambie kwamba mimi nilikuwa nimeishi na Bi Mwanakombo miaka yote ile na sikuwahi kumwona akicheza. Kungwi husimama pembeni akawakosoa wengine. Alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, halafu akavua ushungi, akajifunga leso kiunoni, akacheza. Alicheza chakacha kama mtu aliyekuwa akiihifadhi. Mabega yalitulia, kiuno kikafanya kazi yote, na uso ulikuwa unacheka kwa mdomo wazi, na jino lake moja lililopungua likaonekana mbele za watu. Chumba kizima kilipiga vigelegele. Mimi nilikuwa na kamera tupu.

Macho yetu yakakutana. Alikuwa akinitazama huku akicheza, akaiona kamera ikiwa imelala begani, akaelewa.

“Saumu! Huna nyingine?”

“Ninayo ile mpya, mama! Sina pa kuioshea!”

“Utaiosha hapa hapa Gazi?”

“Sijui kama naweza!”

“Nimekuuliza utaiosha hapa?”

“Nitaiosha hapa!”

“Basi piga, mwanangu, kabla magoti hayajakumbuka umri!”

Nikaitia ile filamu niliyokuwa nikiidharau, nikapiga.

Sasa nilikuwa nimeahidi kitu nisichokiweza. Asubuhi iliyofuata nikalifungua kasha la Bwana Caetano, nikasoma maelezo, nikaomba nisikosee. Mavyaa akatokea uani akiwa na birika la maji ya moto mkono mmoja na sufuria mkono mwingine. Kumbukeni alikuwa pia mkanda wazazi. Wanawake wote wa pale waliojifungua alikuwa amewaogesha yeye kwa maji ya moto, na watoto wao, kwa hivyo habari ya maji na joto hakuwa tayari kuambiwa na karatasi. Akachanganya maji kwenye beseni, akatumbukiza kiwiko.

“Tayari,” akasema.

“Tupime, mama.”

“Kwa nini? Nimepima.”

Nikaleta kipimajoto cha Bwana Caetano, nikagundua kwamba nambari zake zinaishia chini ya palipotakiwa. Nikasimama nikiwa nimekishika kama mpumbavu. Salim alikuwa nje ya ua, hakuruhusiwa kuingia, lakini masikio hayakuwa yamezuiwa. Akacheka peke yake huko nje.

“Mke wangu,” akaita, “thelathini na nane ni homa. Fungua mtoto wa meza.”

Kilikuwa bado kimo, chini ya vifungo na nyuzi. Nikakitumbukiza kwenye beseni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kile kipimajoto kilisema kitu kazini kwangu. Kilisema maji ya mavyaa yamezidi.

“Mtoto huyu angelia, mama,” nikamwambia.

“Mtoto wa siku hizi,” akasema, akaongeza kata moja ya maji ya mtungi. Nikakikung’uta, nikakitumbukiza tena, kikasimama pale palipotakiwa.

Tukaiosha hivyo, mimi nikitikisa tangi na kumimina, yeye akiwa amechuchumaa na birika upande huu na kata ya mtungi upande ule, kipimajoto kikiwa katikati yetu kama mgonjwa aliyelazwa. Nakikung’uta, tunapima tena; joto likipungua anatia tone la birika, likizidi anatia la mtungi. Nilipoifungua filamu na kuinua mwangani, ilikuwa na picha. Nilimkumbatia, naye akaniacha nimkumbatie, kisha akasema dawa zangu zinanuka.

Milango haikufungwa. Niliosha filamu mpya kwa birika, mtungi na kipimajoto cha homa mpaka nilipoweza kununua mashine, na sikupeleka picha ya ndani Mombasa hata mara moja. Filamu yenyewe sikuipenda kwa miaka mingi. Ilikuwa na haraka, na wekundu wake ulikuwa wa kitoto. Mavyaa alipoona kishutu cha Riziki kwenye picha mpya alisema, “Hiki ni cha jirani.” Hata hivyo picha moja ya ngoma ile, mavyaa akiwa amenielekezea kidole, anacheka, ndiyo picha bora kuliko zote nilizopiga maisha yangu. Filamu ya kopo la bati isingeiweza. Ilikuwa ya polepole mno kwa mwanamke yule siku ile. Hilo naomba mlifikirie mnapokesha mkitafuta filamu zilizokufa.

Mavyaa aliniambia niiweke, na sharti ni lile lile. Nikamwuliza, hata Salim? “Nywele zangu alizijua tangu akinyonya,” akasema. “Ngoma yangu haimhusu.” Alipofariki, zikapita siku nyingi, halafu jioni moja Salim akaniuliza, “Ile siku alichezaje?” Hakuniomba nimwonyeshe. Nikamwelezea kwa mdomo, kuanzia ushungi mpaka jino, na akacheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kueleza picha kwa shida namna ile.

Wiki iliyopita, nikipanga vitu vya kumwachia Zuhura, aliingia Brian, kijana wa bara anayepiga picha za hoteli huko Diani. Ni mtu wa heshima ingawa ulimi wake una mambo, na bibi yeye humwita shosho. Akaona kopo la bati juu ya rafu, akalinyakua, akalitikisa, likasikika lina kitu.

“Shosho! Hii si ndio ile yenyewe? Na iko na film ndani! Wewe, hii ni noma! Niuzie, ama uniachie tu nione.”

“Usifungue.”

“Aah, pole, light itaingia.”

“Si mwanga, mwanangu. Ni wewe.”

Nikampa kiti, nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Nilidhani atabishana, maana ni mtu wa kubishana. Alisikiliza mpaka mwisho, akaliangalia kopo, akalishika kwa mikono miwili akanirudishia.

“Shikamoo yake,” akasema, akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake.

Zuhura alikuwa amesimama kando ya kaunta muda wote huo. Nilimwambia atie komeo. Kisha nikazungusha kifuniko, nikautoa ule ukanda mfupi wa ngoma ya mavyaa, uliojikunja kwa miaka. Alinilaumu kwa kuutunza vibaya, nikakubali. Akauinua dirishani. Kwenye negativu kila kitu kimegeuka, kishutu ni cha kijani, nywele ni nyeupe, na bado unaona.

“Bibi,” akaniuliza kwa sauti ndogo, “anacheka?”

“Anacheka.”

Akaendelea kutazama, na mabega yake yakatulia, na kiuno kikaanza peke yake.